Kolibeki ya mtandao inashika kufuli, kifaa kinaganda siku ya tatu: tatizo ni msimbo, umeme au laini ya simu?

#1 Kisima_Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba macho yenu.

Nina vifaa sita kwenye visima vya vijiji mkoani Singida. Kila kimoja ni ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), modemu ya simu ya SIM800L kwa UART (nyaya za data), kipimo cha kina cha maji kwenye tangi na rilei (swichi) ya pampu. Kila dakika 5 kinatuma kina cha maji kwa MQTT (itifaki ya kutumiana ujumbe mfupi mtandaoni), na amri ya kuwasha au kuzima pampu inarudi kwa njia hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba baada ya siku mbili, tatu au nne kifaa kinanyamaza. Hakijizimi wala hakijiwashi upya. Taa ya kijani inaendelea kupepesa kila sekunde kana kwamba hakuna kilichotokea, na rilei inabaki pale ilipokuwa. Ijumaa iliyopita kimoja kiliganda pampu ikiwa imewashwa. Tangi likafurika usiku kucha, na mama mmoja aliyelima mchicha chini yake akaamka akakuta tuta zima limesombwa. Nimemfidia, lakini sitaki kumwangalia usoni mara ya pili kwa jambo hilohilo.

Kiini cha msimbo ni hiki:

```
kufuli = xSemaphoreCreateBinary();
xSemaphoreGive(kufuli);

void tuma_kina(void) {
    xSemaphoreTake(kufuli, portMAX_DELAY);
    tengeneza_ujumbe(&hali, ujumbe);
    esp_mqtt_client_publish(mteja, mada, ujumbe, 0, 1, 0);
    xSemaphoreGive(kufuli);
}

/* kolibeki: mteja wa MQTT anaiita mwenyewe */
case MQTT_EVENT_DISCONNECTED:
    xSemaphoreTake(kufuli, portMAX_DELAY);
    hali.imeunganishwa = false;
    xSemaphoreGive(kufuli);
    break;
```

Kufuli (aliyeishika ndiye anayegusa data, mwingine anasubiri) inalinda muundo wa `hali` kwa sababu taski ya kutuma (kazi inayojiendesha sambamba na nyingine) na kolibeki (msimbo unaoitwa na maktaba tukio likitokea) zote zinaugusa. Nimekosea wapi?

#2 FundiMeza

Mkuu, kabla hujagusa msimbo, pima umeme. SIM800L inapotuma hunyonya hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi sana, na inataka volti 3.4 hadi 4.4. Ukiilisha kwa waya mwembamba wa sentimita 30 kutoka kwenye betri, volteji inazama, modemu inachanganyikiwa, na ESP32 inabaki hai bila habari. Taa inapepesa, mtandao hakuna. Ndiyo dalili zako hizo. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na miguu ya modemu.

Halafu kama ingekuwa mkwamo wa kufuli (taski kungojana milele), mlinzi wa taski (watchdog) angekwishapiga kelele. Kimya chake kinaonyesha msimbo ni mzima.

#3 Rauta_ya_Zamani

FundiMeza, kwenye kapasita niko nawe, kwenye mlinzi hapana. Kwa mpangilio wa kawaida, mlinzi wa taski wa ESP-IDF (zana za kuandikia programu za ESP32) anatazama taski tupu (zinazokimbia pasipo na kazi nyingine) za koa mbili za prosesa na kuzipa sekunde 5. Anacholalamikia ni taski inayokula prosesa mpaka taski tupu inakosa zamu. Taski inayosubiri kufuli haili chochote, imelala. Taski tupu inapata zamu zote inazotaka na mlinzi anaona nyumba ina amani. Taski mbili zinaweza kukwama mpaka kiama na yeye asijue.

Ukitaka ajue, isajili taski yako kwa `esp_task_wdt_add`, kisha uite `esp_task_wdt_reset` pale tu kazi yenyewe inapokamilika. Usiiweke mwanzo wa kitanzi. Na uwashe chaguo la panic (mashine isimamishwe na kuwashwa upya), la sivyo ataandika logi tu na kuendelea.

#4 Bi_Waya

Ndugu zangu salama? Mimi nimeona jambo kwenye mistari ile ya #1, na silioni kuwa la umeme.

Mteja wa MQTT ana kufuli yake ya ndani. Taski yake inaishika inapoendesha mzunguko wake, na kolibeki yako inaitwa *wakati imeshikwa*. `esp_mqtt_client_publish` nayo, ukiiita kutoka taski yoyote, lazima ishike kufuli hiyohiyo ya ndani kwanza. Sasa fuatisha:

Taski yako ya kutuma imeshika kufuli yako, imeingia kwenye publish, inasubiri kufuli ya ndani. Sekunde hiyohiyo laini imekatika. Taski ya MQTT imeshika kufuli ya ndani, imeita kolibeki ya DISCONNECTED, nayo inasubiri kufuli yako.

Wapishi wawili jikoni, mmoja kashika sufuria anangoja mwiko, mwenziwe kashika mwiko angoja sufuria. Wali hauivi.

Na ndiyo sababu ya siku tatu. Mwanya ni mwembamba, lazima laini ikatike ukiwa ndani ya kutuma.

#5 Kisima_Sita

Dada, umenifungua macho. Lakini mbona kutuma kwenyewe ni milisekunde chache? Mwanya huo si mdogo mno?

#6 Bi_Waya

Si milisekunde laini ikiwa mbovu. Maelezo ya maktaba yenyewe yanasema publish inaweza kuzuia kwa sekunde kadhaa, kwani kikomo cha mtandao ni sekunde 10. Kwa hiyo mwanya unapanuka pale hasa laini inapoanza kuyumba, na kuyumba ndiko kunakoleta DISCONNECTED. Mambo mawili haya hayakutani kwa bahati, yanavutana.

#7 Mwanafunzi_Mwaka3

Shikamooni wakubwa. Si angetumia `esp_mqtt_client_enqueue` badala ya publish? Hiyo inaweka ujumbe kwenye foleni tu na taski ya MQTT inatuma yenyewe. Mkwamo unaisha.

#8 Bi_Waya

Marahaba mwanangu. Ni nusu ya dawa. Enqueue haingoji mtandao, hilo kweli. Lakini kuweka kwenye foleni ya ndani nako kunashika kufuli ya ndani. Ukiiita huku umeshika kufuli yako, mpangilio ni uleule: yako kwanza, ya ndani baadaye, na kolibeki inakuja kinyume. Mwanya umepungua, haujazibwa.

Dawa ni kunakili `hali` ukiwa umeshika kufuli, uachie, ndipo uite mtandao ukiwa mikono mitupu.

#9 Mzee_Solda

Nyote mmepita juu ya mstari wa kwanza. `xSemaphoreCreateBinary`. Kijana ametumia semafori ya jozi mahali pa myuteksi. Kwenye FreeRTOS (mfumo unaogawia taski zamu) myuteksi hurithisha kipaumbele: taski ya chini ikiishika na ya juu ikaisubiri, ya chini inapandishwa kwa muda imalize iachie. Semafori ya jozi haina kitu hicho.

Kumbukeni Mars Pathfinder, chombo cha NASA kilichotumwa sayari ya Mirihi. Ilitua tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya. Taski ndogo ya hali ya hewa ilishika kufuli, taski kubwa ya kusimamia basi la data ikawa inaisubiri, na katikati taski za kipaumbele cha wastani zikawa zinamnyima yule mdogo zamu. Mkubwa akachelewa, mlinzi akaiwasha upya mashine nzima. VxWorks ilikuwa na urithi wa kipaumbele, ila kwenye kufuli ile haukuwa umewashwa. Wakauwasha kutoka duniani na tatizo likaisha.

Kama Mirihi iliwapata, Singida itakuacha?

#10 Rauta_ya_Zamani

Mzee, hadithi hiyo naipenda, lakini angalia dalili. Kipaumbele kupinduka kunachelewesha. Ili kuchelewe milele lazima awepo wa katikati anayekula prosesa bila kuachia, na huyo ndiye mlinzi wa taski angemuona kwa sababu taski tupu ingekosa zamu. Kwake hakuna kelele. Kwa hiyo ama wote wamelala, na hapo Bi_Waya ana haki, ama hakuna mkwamo kabisa na modemu imekufa.

#11 Mzee_Solda

Sawa, hapo umenishika. Ila abadilishe tu. Kuna sababu ya pili: myuteksi ina mwenyewe, na unaweza kuuliza ni nani kwa `xSemaphoreGetMutexHolder`. Semafori ya jozi haina mwenyewe wa kuulizwa. Akiunganisha laptopu siku imeganda atapata jina.

#12 Mwanafunzi_Mwaka3

Samahani, mimi bado nachanganya hivi viwili. Darasani tuliambiwa ni kitu kimoja chenye majina mawili.

#13 Bi_Waya

Mimi wanafunzi wangu huwaambia hivi. Myuteksi ni komeo la mlango wa ndani. Aliyeingia amelifunga mwenyewe, na hakuna wa kulifungua ila yeye. Semafori ya jozi ni ufunguo uliotundikwa msumarini barazani: huyu auchukua, yule mwengine aweza kuurudisha, na hakuna anayeuliza. Ndiyo maana kikatizo (msimbo unaoitwa na kifaa na kuikatiza prosesa ghafla) kinaweza kurudisha semafori kwa `xSemaphoreGiveFromISR`, lakini myuteksi hairuhusiwi ndani ya kikatizo. Kikatizo si mtu wa nyumbani, hakina jina la kuandikwa kwenye komeo.

#14 Paka_wa_Kariakoo

Komeo! Basi tuache kuita kila kitu kufuli. Naunga mkono "komeo" kwa myuteksi.

Nje ya mada kidogo, mkuu Kisima_Sita, hicho kipimo cha kina ni cha sauti au cha mgandamizo? Nina tangi la lita 5,000 nyumbani linanisumbua.

#15 Kisima_Sita

Ni cha mgandamizo, kinazama chini ya maji. Cha sauti kilinishinda, mvuke unaganda kwenye kioo chake asubuhi na kinasoma tangi limejaa. Njoo faragha nikuonyeshe.

#16 Ngazi31

Salamu kutoka Ujerumani. Kazi yangu ni femuwea ya seva, upande wa kuwasha mashine kupitia mtandao, ndani ya UEFI, yaani programu inayoamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi. Huku hakuna taski wala kufuli kama zenu, lakini maradhi ni ya ukoo mmoja, nieleze.

UEFI huendesha huduma zake kwenye prosesa moja. Kilichopo ni ngazi za kipaumbele, zinaitwa TPL: APPLICATION ni 4, CALLBACK ni 8, NOTIFY ni 16, HIGH_LEVEL ni 31. Ukitaka kulinda data yako dhidi ya kolibeki unapanda kwa `RaiseTPL`. Kolibeki zote za ngazi uliyopo au za chini yake zinangoja hadi ushuke kwa `RestoreTPL`. Hakuna anayekukatiza, na wewe huna wa kumsubiri. Safi.

Mpaka uanze kusubiri ukiwa juu. Mwaka wangu wa kwanza kosa moja lilinikalisha wiki mbili. Draiva ilipanda hadi 8, ikaomba pakiti itumwe, kisha ikazunguka kwenye kitanzi ikiangalia bendera ya "imetumwa". Bendera ile ilikuwa inawekwa na kolibeki ya ngazi ya 8. Sisi tumekalia ngazi ya 8 tunaingoja, nayo inatungoja tushuke. Skrini ilisimama kwenye mstari mmoja wa herufi nyeupe na feni za seva zikiendelea kuvuma. Niliitazama skrini ile hadi nikajua kila herufi. Ndiyo maana vipimo vya UEFI vinataka `WaitForEvent` iitwe kwenye ngazi ya APPLICATION tu. Wanaokimbilia kuandika kitanzi chao wenyewe wanaikwepa kanuni bila kujua iliwekwa kwa ajili yao.

La pili, tokeni. Unapotoa ombi la kutuma au kupokea unampa draiva wa chini tokeni yenye tukio ndani yake. Kuanzia hapo tokeni ni yake. Ukibadili nia unaita `Cancel`, tukio linapigwa likiwa na hali ya EFI_ABORTED, na *ndipo* unaachia kumbukumbu. Nimeona msimbo unaachia kwanza na kughairi baadaye. Kolibeki inafika nyumbani kwa mtu aliyehama.

#17 Rauta_ya_Zamani

Ngazi31, jina lako sasa nimelielewa, umejipandisha mpaka juu kabisa bana, hakuna wa kukukatiza.

Hilo la kusubiri mahali pasipofaa Linux iko nalo vilevile. `timer_delete_sync` (zamani ikiitwa `del_timer_sync`) inafuta taima na kungoja kolibeki yake imalize kama tayari inakimbia kwenye koa nyingine. Ukiiita huku umeshika spinlock (kufuli ambayo anayeisubiri huzunguka bila kulala) ambayo kolibeki hiyo inaitaka, umemaliza. Wewe unaingoja iishe, yenyewe inakungoja uachie. `cancel_work_sync` ni ndugu yake. Mimi nilipatikana na hiyo kwenye draiva ya rauta, ndani ya njia ya kuzima kifaa. Kwa hivyo rauta ilifanya kazi miezi, ikaganda tu wakati wa kuzima. Wateja walikuwa wanang'oa plagi na hakuna aliyelalamika.

Kilichoniokoa ni lockdep, kile chombo cha Ingo Molnár kilichoingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux 2.6.18 mwaka 2006. Hakingoji mkwamo utokee. Kinaandika kila kufuli imeshikwa baada ya ipi, na kikiona siku moja A kabla ya B na siku nyingine B kabla ya A, kinapiga kelele hata kama hakuna aliyeganda. Ningekuwa na kitu kama hicho kwenye ESP32 ningelala vizuri.

#18 FundiMeza

Nasoma kwa heshima zote. Ila bado hakuna aliyepima volteji.

#19 Kisima_Sita

FundiMeza, nimekwenda leo kisima cha pili na osiloskopu ya kuazima. Betri ikiwa imejaa, wakati wa kutuma volteji ya modemu inashuka kutoka 4.1 hadi 3.6. Alfajiri, betri ikiwa imechoka, nimeona 3.3 mara mbili. Kwa hiyo una hoja.

Jambo jingine: waya wangu kweli ni mrefu. Sentimita 40.

#20 FundiMeza

Nilijua! 3.3 iko chini ya kiwango. Fupisha waya, weka kapasita, uzi ufungwe.

#21 Bi_Waya

Usifungwe bado. Volteji ikizama modemu inajizima, laini inakatika. Laini ikikatika kolibeki ya DISCONNECTED inaitwa. Kwa hiyo umeme wako ndio unaomsukuma kwenye mkwamo wangu. Kapasita itaufanya mkwamo uwe adimu, lakini utabaki kwenye msimbo ukimngoja mnara wa simu uzimike siku moja.

#22 FundiMeza

Au modemu inajizima, haiamki, na MQTT inajaribu kuunganisha bila kikomo. Hakuna kufuli hapo. Hukuthibitisha bado, dada.

#23 Bi_Waya

Haki yako. Sijathibitisha.

Ila ngoja niseme la kwangu, maana si kila kuganda ni kufuli, na mimi mwenyewe niliwahi kuapa ni kufuli nikakosea. Banda la samaki, Kilifi, kipima joto cha majokofu. Hapo nilitumia lwIP (maktaba ndogo ya mtandao wa TCP/IP) moja kwa moja, zile kolibeki zake za chini. Kila baada ya siku kadhaa kifaa kinaanguka, na kila mara mahali tofauti: mara kwenye kuchapa logi, mara kwenye kusoma joto. Nikaongeza kufuli kila kona. Kikazidi.

Kumbe ilikuwa kolibeki ya kosa. lwIP inapoita kolibeki ile, muunganisho wenyewe *umeshaachiwa*. Mimi ndani yake nikawa naita `tcp_close` juu ya pointa (anwani ya kumbukumbu) ileile, kwa adabu, ati nafunga mlango. Nafunga mlango wa nyumba iliyobomolewa. Kumbukumbu inaharibika na anayeumia ni mwengine kabisa, baada ya saa nzima.

Na kuna dada yake: ukiita `tcp_abort` ukiwa ndani ya kolibeki ya kupokea, lazima urudishe ERR_ABRT, la sivyo lwIP inaendelea kumshika maiti.

Niliondoa kufuli zangu zote saba, nikaweka mstari mmoja wa kufanya pointa iwe NULL. Majokofu yale yanafanya kazi hadi leo.

#24 Mwanafunzi_Mwaka3

Kufuli saba!

#25 Bi_Waya

Saba, mwanangu. Kila moja niliiweka nikiwa na hakika.

#26 Ngazi31

Kuhusu #4, nimefungua msimbo wa mteja wa MQTT nikafuatilia, na kuna mkwamo mwingine ambao hamjautaja. Katika toleo nililofungua mimi, publish ikishindwa kuandika kwenye soketi inavunja muunganisho papo hapo, na kuvunja huko kunaita kolibeki ya DISCONNECTED *ndani ya taski iliyoita publish*. Haipitii taski ya MQTT.

Maana yake Kisima_Sita hahitaji mtu wa pili. Taski yake ya kutuma imeshika kufuli, imeita publish, uandishi umeshindwa, kolibeki imeitwa juu ya staki (rundo la miito ya taski) hiyohiyo, nayo inaomba kufuli ambayo taski hiyohiyo imeshika. Imejifungia chumbani ikiwa na ufunguo mkononi na inajisubiri yenyewe. Kufuli ya ndani nayo inabaki imeshikwa, kwa hiyo taski ya MQTT inakwama nyuma yake.

#27 Mzee_Solda

Hapo dawa ni myuteksi ya kujirudia tu. `xSemaphoreCreateRecursiveMutex`, taski ileile inaishika mara mbili, maisha yanaendelea.

#28 Rauta_ya_Zamani

Mzee wangu, naomba tusifike huko. Ya kujirudia inaondoa kule kujifungia kwa #26 lakini wapishi wawili wa #4 wanabaki jikoni. Halafu inaleta jambo baya zaidi: kolibeki inaingia na kubadilisha `hali` katikati ya kazi ya mtu aliyedhani ameilinda. Leo anaandika bendera moja. Kesho atafuta orodha ambayo aliyeita anaendelea kuisoma.

#29 Mzee_Solda

Nimefanya kazi nayo miaka mingi kwenye mita za umeme na haijaniangusha.

#30 Rauta_ya_Zamani

Nakuamini. Mimi imeniangusha.

#31 Paka_wa_Kariakoo

Mimi nimejifunza zaidi hapa kuliko muhula mzima. Swali la mtu wa duka: kwa nini kolibeki ishike kufuli kabisa? Si iandike kikaratasi, iweke kwenye boksi, itoke?

#32 Ngazi31

Paka umesema kwa sentensi moja. Kolibeki iandike tukio kwenye foleni kwa `xQueueSend` na muda wa kusubiri 0, itoke. Taski moja tu ndiyo imiliki `hali`, isome foleni, iamue. Asiyemiliki haigusi, na kufuli inakosa kazi. Foleni ikijaa hesabu ulivyopoteza na uvitangaze, usisubiri.

#33 Mwanafunzi_Mwaka3

Na kama kolibeki imeleta data? Ninaweka pointa yake kwenye foleni?

#34 Bi_Waya

La hasha. `event->data` ni bafa (kumbukumbu ya muda) ya mteja, ni yako ukiwa ndani ya kolibeki tu. Ukishatoka, ujumbe unaofuata unaandikwa juu yake. Nakili baiti zenyewe. Amri ya "zima" ikigeuka "washa" kwa sababu ya pointa iliyochacha, kuna tuta jingine la mchicha linakwenda.

#35 Kisima_Sita

Wakuu, asanteni. Nimegawa visima ili nijue ukweli:

Kisima cha 1 na cha 2: foleni kama ya #32, kolibeki haishiki chochote. Umeme haujaguswa.

Kisima cha 3: msimbo wa zamani kama ulivyo, ila semafori nimeigeuza myuteksi ili niulize mwenyewe.

Kisima cha 4: msimbo wa zamani bila mabadiliko yoyote, waya wa sentimita 8 na kapasita ya 1000.

Cha 5 na cha 6 nimeweka foleni na kapasita pamoja, maana chini ya hivyo kuna mashamba ya watu na sitaki kuyafanyia majaribio.

Kote nimeweka taima ya rilei: pampu haiwaki zaidi ya dakika 40 bila amri mpya, hata mtandao ukifa.

#36 FundiMeza

Hiyo taima ya rilei ungeanza nayo, mkuu. Mpangilio mzuri lakini. Nasubiri cha 4.

#37 Rauta_ya_Zamani

Hiyo taima umeiweka wapi? Kama ni `esp_timer`, kolibeki zake zote zinakimbia kwenye taski moja ya kipaumbele 22. Usishike kufuli yoyote humo, la sivyo mlinzi wako wa pampu naye ataganda na taa yako ya kijani pia.

#38 Kisima_Sita

Inaandika pini tu na kutoka. Haigusi `hali`.

#39 Kisima_Sita

Mrejesho, siku ya 9.

Cha 1 na cha 2 vinatuma. Cha 2 kilikatika mara 11 kwa mujibu wa logi na kikarudi chenyewe kila mara.

Cha 4, msimbo wa zamani na kapasita, nacho hakijaganda hata mara moja. FundiMeza, sema utakalo.

Cha 3 kimeganda jana saa 8 usiku. Nimefika saa 3 asubuhi na laptopu. Pampu ilikuwa imezimwa na taima. `vTaskList` inaonyesha taski ya kutuma ni B na taski ya MQTT ni B. `xSemaphoreGetMutexHolder` imerudisha taski ya kutuma.

#40 Bi_Waya

Taski ya kutuma imeshika kufuli na imelala. Ni mkwamo, basi.

#41 FundiMeza

Dada, B ni kulala tu. Taski iliyo kwenye `vTaskDelay` ni B, inayongoja UART ya modemu iliyokufa ni B. Kutuma ameshika kufuli na anangoja modemu ambayo volteji imeiangusha saa 8 usiku, betri ikiwa chini. Cha 4 chenye kapasita kiko hai kwa msimbo uleule. Mimi sioni mnachobishia.

#42 Ngazi31

Mngojeo wa mtandao una kikomo cha sekunde 10, na yeye amefika saa saba baadaye. Lakini bado hatujui kama ni wapishi wawili wa #4 au kujifungia kwa #26, kwa sababu kote mwenye kufuli angekuwa taski ya kutuma. Tofauti iko kwa taski ya MQTT: kama inangoja kufuli yako ni #4, kama inangoja ya ndani ni #26. Kisima_Sita, ulichukua mlolongo wa staki wa taski zote mbili kabla ya kuwasha upya?

#43 Kisima_Sita

Sikuchukua. Mwenyekiti wa kamati alikuwa pembeni na ndoo zimepanga foleni hadi barabarani, nikabonyeza riseti. Cha 3 nimekiacha na msimbo uleule. Leo nakifungia JTAG (kiunganishi cha kuchungulia programu ndani ya chipu) na naacha laptopu ya zamani kwenye kibanda cha pampu. Nikiamshwa tena nitaleta staki zote mbili hapa.